Upekuzi wa Mwalimu Mejumaa

Katika zamu ya asubuhi mlinzi wa kike alikuwa mmoja tu, Beryl Akinyi, na kazi yake ilikuwa kupekua wanawake. Alikuwa mtu wa Ahero, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, mpole wa maneno, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu tangu ashuke pwani kutafuta maisha. Binti yake, Ashley, alikuwa amemwacha huko Ahero kwa mama yake. Hoteli aliyoilinda ilikuwa kwenye barabara ya ufukweni pale Diani, moja ya zile ambazo mpita njia haoni chochote cha ndani, anaona ukuta mweupe na geti tu.

Kila asubuhi kabla ya kushika zamu, mkuu wa walinzi, Griffin, aliwapanga mstari na kuwasomea maagizo. Mengine yaliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani: saa za kubadilishana, namna ya kuvaa, namna ya kujibu simu ya upepo. Mengine hayakuandikwa popote. Hayo aliyasema kwa sauti ya chini, na kila mmoja aliyajua kwa moyo. Gari la wageni weupe lipandishiwe kizuizi kabla halijasimama. Mzungu akija kwa miguu kutoka madukani, hata awe na mkoba wa kumtosha mbuzi, apigiwe saluti apite. Mwafrika aliyeshuka kwenye gari kubwa aulizwe jina kwa adabu. Waliobaki, yaani watu wa papo hapo, wa Ukunda na Bongwe na Msambweni, na hasa wanaume wa kanzu na ndevu na wanawake wa buibui, hao Griffin aliwaita “wa kuangalia”. Na tangu tahadhari ya usalama ilipotolewa mwezi ule, polisi wawili walikuwa wamepiga hema ng'ambo ya barabara, nao waliletewa chai kutoka jikoni mwa hoteli kila siku.

Beryl hakuwa mjinga wa jambo lile. Siku moja ya mapumziko alikuja hotelini na gauni lake la nyumbani kuchukua karatasi yake ya likizo. Mwenzake Elijah, ambaye jana yake walikula sahani moja, alimnyooshea mkono asimame, akamtazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeingia uani. Kisha akamtambua, wakacheka wote wawili, naye akamwambia apitie geti la nyuma. Beryl alicheka, lakini yale macho ya mwanzo, kabla Elijah hajamjua, alikwenda nayo nyumbani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umekodiwa kwa semina ya walimu wa shule za msingi, na Griffin alipewa orodha ya majina arobaini. Wengi walifika pamoja kwa basi, wakapita huku majina yao yakitiwa alama kwa haraka. Saa tatu kasorobo akaja mwalimu wa mwisho, peke yake, kwa miguu kutoka barabara kuu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, buibui lake limepigwa pasi, mtandio umezunguka uso uliochoka kidogo. Mkononi alishika barua ya mwaliko, na begani mkoba mweusi wa kawaida.

Beryl alimwamkia. Miaka mitatu ya pwani ilikuwa imemfundisha hilo.

“Marahaba, mwanangu,” mwanamke akajibu. “Hujambo? Naona nimechelewa.”

Akasema jina lake, Mejumaa Mwinyihamisi, mwalimu wa Kiswahili kutoka Msambweni. Jina lilikuwamo katika orodha. Beryl aliliona kwa macho yake, la thelathini na nne, na bado Griffin, aliyekuwa amesimama kando ya kizuizi, akampa ishara kwa kidevu. Wa kuangalia.

Beryl akapitisha kile kijiti cha kupimia chuma, juu, chini, mbele, nyuma. Hakikulia. Kwa mtu mwingine kazi ingekwisha hapo. Lakini kwa wenye mabuibui agizo lilikuwa mikono ifuate, basi akaanza mabegani, akashuka makwapani, akashuka ubavuni. Upande wa kushoto wa tumbo, chini ya kitambaa, kiganja chake kikagusa kitu. Kilikuwa laini, kimejaa kidogo, na kilikuwa na joto.

Mkono wa mwalimu ukashuka taratibu ukatua juu ya mkono wake. Akainamisha kichwa, akamnong'oneza, “Mwanangu, hicho ni cha ugonjwa. Nipeleke mahali penye mlango nikuonyeshe.”

Kilichopita katika kichwa cha Beryl hakikuchukua muda wa kupepesa jicho. Alikuwa amemwuguza nyanya yake miezi saba mpaka alipofariki, na mikono yake ilijua joto la mwili wa mtu. Aliyajua maneno ya mwalimu kuwa ni ya kweli kabla hayajakwisha kusemwa. Kisha akamwona Griffin anamtazama, akaukumbuka mkataba wake uliobakiwa na wiki sita, na kinywa chake kikasema, “Bosi, kuna kitu hapa.”

Baada ya hapo mambo yalitoka mikononi mwake, au ndivyo alivyojiambia kwa siku nyingi. Griffin alirudi nyuma hatua tatu, akanyanyua simu ya upepo, akasema kwamba getini kuna mwanamke ana kitu amekifunga tumboni. Mmoja wa wale polisi, konstebo kijana mwenye bunduki, akavuka barabara mbio. Mwalimu aliamriwa atue mkoba na anyanyue mikono. Aliinyanyua. Sasa ilimbidi ayaseme kwa sauti, mbele ya walinzi, mbele ya dereva wa teksi na watunza bustani, yale aliyotaka kuyanong'ona: kwamba alifanyiwa upasuaji wa utumbo mwaka uliopita, kwamba choo chake kinatoka kwa tundu la tumboni na kuingia katika kifuko kilichogandishwa pale, kwamba barua ya hospitali imo mkobani, waisome. Griffin akamwambia kwamba barua mtu yeyote anaweza kuchapisha mtandaoni.

“Basi nipeni chumba,” mwalimu akasema. “Huyu binti aingie na mimi, aone, awaambie.”

Konstebo akakataa. Akasema kama ni bomu hakuna kuingia penye watu, kitu kionyeshwe pale pale.

Wakati anasema hayo, gari la kuchukua wageni likafika kutoka kiwanja cha ndege, limejaa familia ya wazungu na masanduku yao. Kizuizi kikapandishwa. Gari likapita mita mbili kutoka kwa mwanamke aliyedaiwa kuwa na bomu, mtoto mmoja wa kike akabandika uso kiooni kutazama, na kizuizi kikashushwa tena. Beryl aliliona hilo na akalielewa lote. Hakuna mtu pale aliyeamini kuna bomu. Kama wangeamini, lile gari lisingeingia.

“Mfunue,” konstebo akamwambia Beryl.

Akamfunua. Alifungua vifungo vya buibui, akapandisha gauni la ndani kwa haraka, na vidole vyake vikakwama kwenye ukingo wa kile kifuko, nao ukabanduka. Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa ametazama juu, kwenye makuti ya paa la geti, mikono yake bado iko hewani, na machozi yakimteremka kuingia masikioni. Konstebo akageuza uso. Mtunza bustani mmoja, mzee wa Kidigo, akavua kofia yake, akaenda akasimama mbele ya wenzake na kuwapa mgongo wanawake wale wawili ili awazibe.

“Naomba maji,” mwalimu akasema.

Hapo sasa ndipo Beryl alipompeleka penye mlango. Akamwingiza kwenye choo cha wafanyakazi, akajaza ndoo, akashika kata na kummiminia, huku mwalimu akijisafisha na kujiwekea kifuko kingine alichokibeba mkobani. Ilichukua muda mrefu. Beryl alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe halitoshi hata kufunguliwa kinywa. Mwalimu alipomaliza kujifunga mtandio alisema neno moja tu, ahsante kwa maji, wakatoka.

Nje gari la polisi lilikuwa linamngoja. Taarifa ilikuwa imeshapanda juu kwamba mshukiwa amekamatwa, na taarifa ikishapanda haishuki kirahisi. Wakampandisha nyuma kwenye benchi la chuma, mkoba wake umeshikwa na konstebo.

Kituoni alikaa kutoka saa nne mpaka baada ya alasiri. Hakushtakiwa kwa lolote. Aliulizwa anasali msikiti gani, mumewe anatoka wapi, vijana wake wa kiume wako wapi na mara ya mwisho aliwaona lini. Alijibu kwamba mumewe ni mtu wa Wasini aliyehamia Msambweni, fundi wa mashine za boti, na kwamba kijana wake mmoja ni karani huko Voi, wampigie simu. Hawakupiga. Jioni wakamwambia aende zake na asijisikie vibaya, kwani kila mtu anafanya kazi yake.

Asubuhi ya pili Griffin alimwita Beryl kibandani akampa kitabu cha matukio. Alikuwa ameshaandika. Ilisemwa mle kwamba mwanamke alikataa kupekuliwa, akawa mkali, akamsukuma mlinzi wa kike, ndipo polisi wakaitwa.

“Sain hapo chini,” akamwambia. “Ni formality tu. Huyo mama akileta noma, sisi tuko covered.”

Beryl akasoma mara mbili. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yule mama hakumsukuma.

Griffin hakukasirika. Alimwuliza kama anajua ni wasichana wangapi wamepeleka barua za kuomba kazi yake, akamwonyesha droo. Beryl akatia sahihi.

Aliendelea na kazi. Wanawake walikuja, akawapekua, lakini mikono yake ilikuwa imeharibika. Akimgusa mtu ubavuni ilirudi nyuma yenyewe. Nyumbani, katika chumba chake cha kupanga Ukunda, alijikuta anaosha viganja mara mbili, mara tatu, kisha anaketi navyo mapajani bila kujua afanye nini navyo. Mama yake alipopiga simu kumwuliza mbona sauti imekuwa nzito, alisema ni mafua.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja, kabla ya adhuhuri, akafika getini mwanamume wa kanzu, ndevu zimeingia mvi, miwani imefungwa uzi. Alisimama mbali kidogo na kizuizi kama anayejua atasimamishwa. Akasalimu, “Asalaam aleikum,” kisha akajirekebisha, akasema habari za asubuhi. Akapekuliwa na Elijah, akavuliwa kofia, ikapinduliwa ndani nje, akarudishiwa. Alivumilia. Akasema anaitwa Abdurahman, mume wa Mwalimu Mejumaa wa Msambweni.

Beryl alikuwa hatua nne kutoka hapo.

Abdurahman akaeleza kwamba waliandika barua kwa meneja kulalamika, na hoteli imejibu. Akaitoa bahasha. Majibu yalisema mkewe alimsukuma mlinzi wa kike. Alimwuliza mkewe, mkewe akasema hapana, na tangu siku hiyo hasemi zaidi. Akirudi kutoka shuleni anaingia chumbani, anafunga mlango.

“Mimi nimeishi na mke wangu miaka ishirini na sita,” Abdurahman akamwambia Griffin. “Sijapata kumwona akimsukuma mtu. Lakini mtu akidhalilika anaweza kufanya asilolijua. Basi nimekuja kumwona huyo mlinzi. Kama ni kweli alisukumwa, nimwombe radhi mimi kwa niaba yake.”

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Hilo ndilo lililomvunja Beryl. Mtu yule alikuwa ametoka Msambweni na kanzu yake safi, amekubali kupinduliwa kofia, ili aje amwombe yeye msamaha.

Griffin akajibu kwamba mlinzi huyo hayuko, yuko likizo. Abdurahman akashukuru. Kabla ya kuondoka macho yake yakapita juu ya Beryl, yakatua kidogo kwenye sare yake, yakamwacha. Beryl alikuwa na nafasi ya kusema, na hakusema. Alimtazama akitembea upande wa kivuli cha ukuta mpaka akapotea.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, hakwenda kanisani. Alivaa gauni lake la heshima, akafunga kitambaa kichwani, akashuka Msambweni na kuuliza nyumba ya Mwalimu Mejumaa. Walimwelekeza bila shida, kwani nusu ya watu wa pale walikuwa wamesomeshwa naye. Akapiga hodi mara moja, na moyo wake ukataka asijibiwe.

Alijibiwa. Mwalimu alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, rundo la madaftari ya wanafunzi mbele yake, kalamu nyekundu mkononi. Alimtazama mgeni, akatazama mikono yake, akamjua.

“Karibu,” akasema, kwa kuwa mtu akipiga hodi huambiwa karibu. “Keti.”

Beryl akaketi ukingoni mwa mkeka. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalikuwa yamemtoka. Mwishowe akasema tu kwamba kile kitabu kinasema uongo, na kwamba sahihi iliyopo chini ni yake.

Mwalimu alisahihisha daftari moja mpaka mwisho, akalifunga, akaliweka upande. “Uliponishika,” akasema, “ulidhani ni nini?”

Lilikuwa swali moja tu ambalo Beryl aliomba asiulizwe. Kusema “nilidhani ni bomu” kungekuwa rahisi, na hata hakimu angemwelewa.

“Sikudhani,” akasema. “Nilijua. Kilikuwa na joto la mtu. Nilijua ni mwili wako, na nikasema kuna kitu.”

Kalamu ilibaki hewani. Kwa mara ya kwanza uso wa mwalimu ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyepigwa tena pale pale alipopigwa kwanza. Kuku walipita uani. Ndani ya nyumba ilisikika nyundo ya Abdurahman ikigonga chuma.

“Mimi nimekuwa nikikutetea,” mwalimu akasema hatimaye. “Usiku nalala nasema, yule binti aliogopa, hakujua, ni mtoto wa watu. Wale wanaume nimewachoka, sina la kuwaambia. Lakini wewe nimekutetea. Na kumbe ulijua.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Sikukuomba jambo kubwa. Niliomba mlango.”

Beryl akalia. Mwalimu hakumbembeleza, wala hakumfukuza. Alimwacha alie mpaka amalize, kisha akamwuliza kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya watu na kuyaandika, maana machozi ya barazani hayasomeki popote. Beryl akasema hilo ndilo lililomleta. Abdurahman akaitwa. Alipoambiwa mgeni ni nani, alisimama mlangoni na nyundo mkononi, akavuta pumzi, akasema, “Kumbe ulikuwa pale Ijumaa.” Kisha akarudi ndani, na nyundo haikugonga tena.

Alhamisi iliyofuata walikutana wote watatu Ukunda, katika ofisi ndogo ya chama kinachowasaidia watu wasio na mawakili. Msaidizi wa sheria aliyewapokea aliitwa Caroline, msichana mwepesi wa kuandika. Alimsikiliza Beryl tangu mwanzo: orodha yenye jina, kijiti kisicholia, ishara ya kidevu, gari la wageni lililopitishwa, sahihi ya kesho yake. Akamweleza Beryl kwamba taarifa hii akishaiapia, kazi huenda isiwepo tena. Beryl akasema anajua. Caroline akaichapa, akaisoma kwa sauti ili kila mmoja asikie kama iko sawa.

Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa Kiswahili cha ofisi. Ilipofika mahali penyewe ilisema: “Mlalamishi alitakiwa kunyanyua mikono, akafunuliwa nguo hadharani, na kifuko chake kikabanduliwa.”

“Simama hapo,” Mwalimu Mejumaa akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameketi, mikono imekunjwa juu ya mkoba.

“Nafundisha Kiswahili mwaka wa ishirini na mbili huu,” akasema. “Watoto wa darasa la sita nawaambia, kitenzi kikiwa hivyo, mtendaji hayumo. Nguo zimefunuliwa, kifuko kimebanduliwa. Na nani? Upepo? Kituoni waliniambia hivyo hivyo, mama, ulishikwa. Barua ya hoteli nayo inasema hatua zilichukuliwa. Kila karatasi ninayoletewa, nimefanywa, na aliyenifanya hayumo.”

Caroline akaanza kueleza kwamba ndiyo mtindo wa kisheria. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hamwambii yeye, anamwambia huyu, akamtazama Beryl.

Beryl akaiomba kalamu. Akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa mkono wake, polepole, huku akitamka kila neno kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni: “Griffin alinipa ishara. Konstebo aliniamuru. Mimi Beryl Akinyi nilimfunua nguo mbele ya wanaume. Mimi nilikibandua kifuko chake. Nilijua ni mgonjwa.”

Akamsogezea mwalimu karatasi. Mwalimu akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho. Mkono wake ukaenda kwenye kalamu kwa mazoea, kisha ukarudi.

“Haina kosa,” akasema. Akainuka, akatoka nje akasimama kibarazani peke yake, na mumewe akamfuata baada ya kumpa muda.

Wiki haikwisha Beryl akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Ilisema ni kwa utovu wa nidhamu na kutoa siri za mwajiri. Elijah alimsindikiza mpaka geti la nyuma, akamwambia amefanya ujinga, kisha akamkumbatia.

Malalamiko dhidi ya polisi yalipelekwa panapohusika, yakapewa namba. Mara mbili Mwalimu Mejumaa aliitwa kusikilizwa, na mara mbili konstebo hakutokea, ilisemekana amehamishwa. Hoteli ilichukua miezi mitatu, ikaandika barua ya pili, hii yenye neno samahani na yenye kukiri kwamba mwalimu hakumsukuma mtu. Griffin alipelekwa tawi jingine, na pale getini kikajengwa chumba kidogo cha upekuzi chenye mlango na pazia. Elijah alimweleza Beryl kwa simu jinsi kinavyotumika. Wanaoingizwa mle ni wale wale, akasema. Mzungu hajaingizwa hata mmoja.

Mwalimu Mejumaa aliendelea kufundisha. Semina iliyofuata ilifanyika hoteli hiyo hiyo, akaalikwa, akakataa, akaandika sababu yake katika ukurasa mzima, nayo ikasomwa mbele ya walimu wenzake wote. Mwaka uliofuata semina ikahamishiwa ukumbi wa shule.

Beryl alikaa bila kazi kipindi kirefu, kisha akapata nafasi katika bweni la shule ya wasichana karibu na Kombani, kusaidia kuwatunza wanaougua. Alipoulizwa katika mahojiano kwa nini aliacha kazi ya ulinzi, alieleza yote bila kupunguza. Mkuu wa shule akamwambia arudi Jumatatu.

Siku ya Idi alipigiwa simu na namba asiyoijua. Alikuwa Abdurahman. Alimtakia heri, akamwuliza habari za mama na mtoto, akamwambia matokeo ya hospitali ya Mwalimu ya mwezi ule yalikuwa mazuri, alhamdulillahi, na daktari anatumaini. Beryl alisikia nyuma yake watu wakila, vyombo vikigongana, na mahali fulani sauti ya mwanamke ikimkataza mtoto kukimbia na kikombe.

“Mwalimu anakusalimu,” Abdurahman akasema.

Beryl hakujua kama Mwalimu alisema hivyo kweli au ni ukarimu wa mumewe tu, na hakuuliza. Akashukuru, akamwomba naye amfikishie salamu zake.